Karatasi Chini ya Mguu wa Benchi

Mtaani walimwita Fundi Kisirani, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu, kwanza atakitazama kiti, kisha atakutazama wewe mwenye kiti, kisha atakuuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayekaa namna hiyo. Ukimwambia kabati limekuwa fupi, atakujibu kuwa nguo zako ndizo ndefu. Watu walimvumilia kwa sababu kazi yake ilikuwa kazi. Juu ya meza yake ungeweka glasi iliyojaa maji mpaka ukingoni na tone lisimwagike. Vitanda vyake havikulia hata mtu ageuke mara mia, na kwa jambo hilo wanandoa wengi walimwombea dua kimoyomoyo.

Kiunoni alining'iniza tepu ya chuma. Mteja akija, fundi aliishika, akakohoa, akakunja uso kama mtu anayepiga hesabu kubwa. Kumbe tepu ile ilikuwa imeshikwa na kutu siku nyingi, haitoki hata kidogo. Ilikaa pale kama nishani. Fundi alipima kwa mwili wake. Unene wa kidole ulikuwa wa kupanga misumari. Shubiri, kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho, ilikuwa ya droo. Mkono mpaka kiwiko ulikuwa wa viti, na mikono miwili ikitanuliwa ilikuwa ya kitanda. Siri hiyo aliijua mkewe, na baadaye akaijua binti yake wa mwisho aliyeitwa Kitinda, ambaye alipenda kukaa karakana akichezea maranda.

Aliyemfundisha hivyo ni baba yake, Mungu amrehemu, seremala mwenye mkono mzito kuliko nyundo. Fundi alipokuwa na miaka kumi na miwili aliazima rula shuleni ili apime mguu wa stuli. Baba yake aliitazama ile rula, akaichukua taratibu, akaitia motoni chini ya kopo la gundi. Akamwambia kuwa karatasi hulowa na rula huvunjika, lakini mkono wako unalala nao na unaamka nao. Kisha akampiga, ili asisahau. Hakusahau. Alimchukia baba yake kwa kipigo kile mpaka siku ya mazishi, na bado kila alichofanya alikifanya kama alivyofundishwa.

Miaka kumi na moja kabla ya hayo yatakayosimuliwa, shule ya mtaani ilikitoa chumba kilichokuwa stoo ya majembe na mafagio, ikakipaka rangi nyeupe na kukiita maktaba. Aliyekabidhiwa ni mwalimu mmoja mwanamke, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kama umechapwa. Baadaye watoto walimpa jina la Mama Kimya, kwa sababu neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Mwalimu huyu alikaa jioni mbili akiwasimamisha watoto wa darasa la kwanza hadi la nne ukutani, mmoja mmoja, wameinua mikono, akaandika pale wanapofika. Kisha akamwita fundi na kumkabidhi karatasi yenye vipimo vya rafu.

"Usizidishe, fundi," alimwambia. "Ni za watoto."

Fundi aliipokea karatasi kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Kuelekezwa kazi yake na mwanamke ambaye hajawahi kushika randa kulimkera. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena, na alipofika karakana akakuta benchi linayumba. Akainama akaisokomeza chini ya mguu. Hakuifungua. Likizo nzima alifanya kazi ndani ya maktaba akiwa peke yake, na rafu alizipima kama alivyojua. Ya kwanza ilikuja magotini kwake, ya pili kiunoni, ya tatu begani. Kwa ya juu kabisa alisimama wima, akaegemeza mgongo ukutani, akainua mkono, na pale ncha ya kidole cha kati ilipogusa akapiga alama. Akapigilia kwa misumari ya inchi sita.

Mwalimu aliporudi kutoka likizo alisimama mlangoni, akazitazama rafu, akasema ziko juu mno. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Alisema mbao ni nzuri na watoto watakua.

Hawakupata muda wa kukua. Muhula uleule binti wa mwalimu mwenyewe, wa miaka saba, alipanda zile rafu kama ngazi akitaka kitabu chenye picha ya farasi. Aliteleza, kiwiko kikapiga kona ya meza, kikavunjika.

Kikao kiliitwa. Fundi alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho kwamba yeye alifuata karatasi aliyopewa. Wakamuuliza karatasi iko wapi. Akasema kazi ikishaisha karatasi ya nini, aliwashia moto wa gundi. Mwalimu hakuwa amebaki na nakala. Basi macho yote yakamgeukia yeye, mama aliyeandika tarakimu vibaya na kumvunja mkono mwanawe wa kumzaa. Hakuna aliyemsema waziwazi. Walimpa pole, na pole ile ndiyo iliyokuwa mbaya. Mwanzoni alikana. Miaka ilivyokwenda akaanza kujiuliza kama labda alichoka jioni ile, kama labda kalamu iliteleza. Tangu hapo kila alichoandika alikiandika mara mbili, nakala moja akaitoa, moja akaifungia kwenye sanduku.

Naye fundi alidhani angesema ukweli wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi. Alimkosea yule mwanamke, kisha akawa anamwogopa, kisha, kwa kuwa kumwogopa mwanamke kulimtia aibu, akaamua kumchukia. Alimwita mjuaji, alimwita mwenye gubu. Mwalimu naye akimwona barabarani alivuka upande wa pili, hata kama upande wa pili una tope. Watoto wakubwa wa fundi walipelekwa shule ya mbali, kila siku vumbi mpaka magotini, ili tu wasipite mkononi mwa Mama Kimya. Ilipofika zamu ya Kitinda, mkewe alisema basi, mtoto huyu miguu yake ni midogo, atasoma hapa karibu, na ugomvi wenu mmalizane wenyewe. Fundi alikubali kwa sharti moja, kwamba yeye mguu wake hautakanyaga pale. Vikao vya wazazi alikwenda mkewe.

Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka Kitinda alipofika darasa la nne na kuja nyumbani na barua.

Barua ilisema kwamba Ijumaa mchana maktaba itakuwa na Siku ya Kusoma na Baba. Kila mtoto aje na baba yake au yeyote anayemlea. Watasoma pamoja, watafanya kazi za mikono, na watoto watasoma habari walizoandika kuhusu baba zao. Chini ilikuwa imesainiwa kwa mwandiko ule mzuri. Fundi aliusoma mwandiko kabla ya kusoma maneno, na akakiweka kikombe cha chai chini.

"Siendi," alisema.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakuinua hata kichwa. "Sawa. Mwambie mwenyewe."

Fundi alimgeukia Kitinda, akakohoa kama anavyokohoa mbele ya wateja, akaanza kueleza habari za kazi nyingi na kabati la mtu linalosubiri. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wasio na mtu watakaa kwenye mkeka pamoja na mlinzi wa geti, mwalimu ameshawaambia, na mpaka sasa kwenye mkeka ni yeye na mwenzake mmoja ambaye baba yake amefariki.

"Na mimi habari yako nimeshaiandika, baba. Kurasa mbili."

"Umeandika nini?"

"Utaisikia hukohuko."

Ijumaa asubuhi alikuta viatu vyake vimesuguliwa mpaka soli, na shati lake la kwenda kuswali limekung'utwa maranda, limetundikwa kwenye msumari juu ya benchi lake. Hakuuliza ni nani. Alivaa akinung'unika, akamwambia mkewe kwamba anakwenda kwa ajili ya mtoto tu, na yule mwanamke akimletea maneno, atamjibu. Mkewe alimjibu kwamba ana hakika atamjibu, maana kunyamaza hajajifunza.

Maktaba ilikuwa imejaa. Wanaume kumi na wanane walikuwa wamekalia viti vya watoto, magoti yakigusa ndevu, kila mmoja akijifanya amezoea. Kulikuwa na dereva aliyeshika kofia kama usukani, na askari aliyeonekana mdogo bila bunduki. Kinyozi wa mtaa aliingia na mapacha wake, akisema tangu jana anajifunza kusoma kwa sauti mbele ya kioo na wateja wake wanadhani amerukwa na akili. Mwalimu mkuu mpya, kijana mwenye tabasamu la kudumu, alizunguka akiwapa mikono.

Mama Kimya alisimama kwenye meza yake na daftari. Fundi alipofika mbele yake, hakumtazama.

"Jina la mtoto?"

"Unalijua."

"Nimeuliza jina la mtoto."

Kitinda akalitaja mwenyewe haraka. Mwalimu aliandika, akaandika tena kwenye karatasi ya pili, akawaelekeza meza iliyo chini kabisa ya rafu. Fundi alikaa, na alipoinua macho, ule ubao wa juu ulikuwa juu yake kama paa. Miaka kumi na moja, na haujapinda hata uzi mmoja. Kabla hajajizuia, roho yake ilifurahi. Kisha akaona stuli mbili zilizochakaa pembeni, na juu yake kibao, "Marufuku kupanda."

Shughuli ya kwanza ilikuwa mchezo. Mtoto atachagua kitabu rafu ya juu, ambako hawezi kufika, na baba yake atamnyanyua akichukue, kisha watakaa wakisome. Mama Kimya aliueleza mchezo huo kwa sauti tulivu, akitazama ukuta. Wanaume wakaanza kunyanyua watoto. Walipumua, walicheka, mgongo wa dereva ukalia ko.

"Jamani, aliyetengeneza hizi rafu alikuwa twiga?" kinyozi aliuliza, pacha mmoja akiwa begani.

Watu wakacheka. Mama Kimya akafunga daftari lake.

"Muulizeni. Huyo hapo."

Kicheko kikakatika katikati. Fundi alihisi masikio yamepata moto. Alikuwa amejiandaa kwa neno kama hili tangu asubuhi, tangu miaka kumi na moja iliyopita, na jibu lilitoka lenyewe kama msumari mdomoni mwa seremala.

"Mimi nilifuata karatasi," alisema. "Wa kuulizwa ni aliyeiandika. Mimi si mwalimu, mimi nafanya ninachoandikiwa."

Mwalimu alilifungua tena daftari lake. Midomo yake ilibana ikawa mstari. Askari alikohoa, mwalimu mkuu akasema jamani, jamani, leo ni siku ya furaha. Fundi akajiona ameshinda. Alimnyanyua Kitinda ili achukue kitabu, na mtoto akachukua cha kwanza alichogusa, bila kuchagua. Alipomshusha, Kitinda alikuwa anamtazama kwa namna ambayo fundi hakuielewa, kama mtu aliyeonja chai akakuta ina chumvi.

"Karatasi gani, baba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mambo ya wakubwa. Fungua tusome."

Lakini hawakusoma zaidi ya ukurasa mmoja, kwa sababu kengele ilipigwa na ikatangazwa zamu ya habari za akina baba.

Mapacha wa kinyozi walisoma kwa pamoja kwamba baba yao huimba akiwa bafuni na huwa anasahau maneno. Binti wa dereva alisema baba yake ana magurudumu sita na moyo mmoja. Watu walipiga makofi, askari akajifuta jicho akisingizia vumbi. Kisha likaitwa jina la Kitinda.

Mtoto alisimama na karatasi zake mbili. Alimtazama baba yake, akamtazama mwalimu, akaitazama karatasi. Hakuanza.

"Soma ulichoandika," Mama Kimya alimwambia. Kwa mtoto sauti yake haikuwa mbaya.

Kitinda akasoma.

"Baba yangu ni seremala. Watu wanasema ana hasira lakini vitu vyake havivunjiki. Baba ana tepu kiunoni ila haitoki, ina kutu, ni ya kuwaonyesha wateja."

Wanaume wakacheka, na fundi akacheka pia, cheko kavu la kuonyesha kwamba hajali.

"Baba yangu anapima kwa mwili. Shubiri ni ya droo, mkono ni wa kiti. Alifundishwa na baba yake."

Hapo ndipo fundi alipokumbuka mchana mmoja wa mvua, yeye anapiga msasa na mtoto amekaa kwenye maranda, akimuuliza ni kitu gani kikubwa kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Alikuwa amefurahi mchana ule. Alisimama ukutani akainua mkono kumwonyesha. Alimwambia yote, na alicheka alipokuwa anamwambia. Alitaka kusimama, lakini kiti kilikuwa kidogo na magoti yalikuwa yamekwama chini ya meza.

"Rafu za maktaba yetu alitengeneza baba yangu. Alisimama akanyoosha mkono juu na pale kidole kilipofika akaweka alama. Karatasi waliyompa hakuisoma. Aliikunja akaiweka chini ya mguu wa benchi, na benchi halijayumba mpaka leo. Nampenda baba yangu kwa sababu yeye anajua bila kuandikiwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Kitinda alibaki amesimama.

Mama Kimya alikuwa ameshika ukingo wa meza yake. "Soma tena pale pa karatasi," alisema.

Mtoto akasoma tena. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini chumba kilikuwa kimya kuliko siku zote ambazo mwalimu alikiomba kimya.

"Fundi." Sasa ndipo alipomtazama, mara ya kwanza tangu kikao kile. "Mtoto amesema kweli, au ametunga?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa fundi. Watoto hutunga, nani asiyejua. Angelisema kwa kicheko, wanaume wangecheka naye kwa kumwonea huruma, na mambo yangeishia hapo. Kitinda angekaa chini akiwa mwongo mbele ya darasa lake lote. Fundi aliitazama ile mikono midogo iliyosugua viatu vyake mpaka soli. Akaichukia siku hiyo, akamchukia mwalimu, akamchukia baba yake aliyeko kaburini na rula yake iliyoungua. Akamchukia hata mtoto, kwa kitambo kifupi, Mungu amsamehe.

"Mtoto," alianza. Akamtazama Kitinda. "Mtoto huyu hasemi uongo."

Mwalimu mkuu alipiga makofi mawili ya haraka na kusema basi tuendelee na kazi za mikono, mikasi ipo, gundi ipo. Mama Kimya aliinua kiganja, na kijana wa watu akanyamaza.

"Binti yangu ana miaka kumi na minane," alisema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Mkono haunyooki. Hawezi kufika kisogoni kwake. Namsuka mimi. Kila nikimsuka nasema, ni mkono wangu huu uliomfanya hivi. Miaka kumi na moja nasema hivyo, fundi. Na wewe ulikuwa unakaa juu ya karatasi."

Fundi alijaribu kusogeza kiti, magoti yakagonga meza.

"Unapima kwa mwili? Na mimi nilipima kwa mwili. Niliwasimamisha watoto mia na kitu pale ukutani. Wewe ulipima kwa mwili wa nani?"

Kisha akageuka, akaanza kugawa mikasi.

Kazi ya mikono ilikuwa kadi. Fundi na Kitinda walikaa meza yao, na wale waliokuwa wamekaa jirani walikuwa wamesogeza viti, si sana, kiasi cha kutosha kuonekana. Kinyozi, ambaye huwa ana utani hata msibani, alishughulika na gundi. Fundi alichukua karatasi ya manila, akaweka shubiri yake ili aikunje katikati. Kitinda akasukuma rula mezani mpaka ikagusa kidole chake. Fundi aliiangalia rula ile. Akaitumia.

Njiani kurudi alitembea mbele kwa hatua ndefu, mtoto akimkimbilia nyuma. Walipofika penye duka la mafuta ya taa akasimama ghafla.

"Nani alikutuma uandike yale?"

"Hakuna."

"Mambo ya karakana unayapeleka kwa watu? Umenivua nguo mbele ya wanaume wenzangu. Askari yule nitamtazamaje? Kinyozi je, atanishika kichwa na wembe akiwaza nini?"

Kitinda alikuwa ameishika kadi kifuani. Machozi yalikuwa yanashuka lakini hakulia kwa sauti. "Uliniambia mwenyewe, baba. Ulicheka. Nilidhani ni jambo zuri."

Fundi aliitazama ile kadi. Akageuka akaendelea kutembea, lakini hatua zake zikawa fupi, mpaka mtoto akamfikia.

Jioni ile hakula. Mkewe alishapata habari kabla hata hawajafika. Hakumlaumu, na fundi alitamani amlaumu ili apate wa kugombana naye. Alimwambia tu, akikusanya sahani, kwamba tangu siku ya kikao kile alijua kuna kitu, maana mtu mwenye haki hakasiriki miaka kumi na moja.

Jumamosi asubuhi fundi aliinua benchi kwa bega, akaingiza mkono chini. Karatasi ilikuwa imebanwa ikawa ngumu kama kipande cha ubao, kingo zimekuwa kahawia, alama ya mguu wa benchi imejichapa juu yake kama muhuri. Benchi alipoliachia liliyumba. Hakuifungua karatasi. Aliitia mfukoni, akachukua msumeno, nyundo na mtaimbo wa kung'olea misumari, na Kitinda akamfuata bila kuitwa.

Mama Kimya alikuwa maktaba peke yake, akirudisha viti mahali pake. Alipomwona mlangoni na msumeno, alisimama katikati ya chumba.

"Nani amekuita?"

"Hakuna."

Fundi aliitoa ile karatasi, akaiweka kwenye ukingo wa meza, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeweka kitu mbele ya mbwa mkali. Mwalimu aliitazama. Kisha akakaa, akaanza kuifungua kunjo moja baada ya jingine, kwa kucha, taratibu, kwa sababu ilikuwa imeshikana. Kunjo la mwisho lilichanika kidogo. Fundi aliona wino wa bluu uliofifia, na mwandiko ule mzuri.

Mwalimu alisoma. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikafika cha mwisho, kikatulia pale. Akakirudisha juu, akasoma tena kuanzia mwanzo. Mabega yake yalianza kutikisika, lakini uso ulikuwa mkavu.

"Mwalimu," fundi alianza, "mimi ninge—"

"Kimya."

Akanyamaza.

"Usinipe pole. Pole nimezila za kunitosha. Jumatatu utakwenda na mimi kwa mwalimu mkuu, useme mbele ya walimu wote. Na jioni utakuja nyumbani kwangu, umwambie binti yangu. Hutakaa, hutapewa maji. Utasema ukiwa umesimama."

"Nitasema."

"Na usidhani nimekusamehe."

"Sijaomba," fundi alijibu, na hasira yake ya zamani ilimpanda kwa mazoea tu, kisha ikashuka yenyewe. "Niseme kweli, sijui kuomba."

Mwalimu alivuta droo, akatoa tepu mpya ya kitambaa, ya kushonea nguo, akaitupa mezani. Kitinda aliiokota, akampa baba yake ncha. Fundi aliondoa ile ya kutu kiunoni, maana ilikuwa inamgonga, akaiweka sakafuni. Aling'oa msumari wa kwanza wa inchi sita, na ulilia kama mtu anayeng'olewa jino. Ubao wa juu ulishuka, vumbi la miaka kumi na moja likamwingia machoni. Ukutani ilibaki alama ya penseli, pale kidole chake kilipofika.

"Rafu ya juu," Mama Kimya alisoma kutoka kwenye karatasi. "Sentimeta mia moja na thelathini kutoka sakafuni."

Fundi alipiga goti, akaishika tepu sakafuni, Kitinda akaivuta juu. Akaweka alama.

"Rudia."

Fundi aligeuka amjibu. Mtoto alikuwa amesimama palepale, amenyoosha mkono na tepu, anasubiri. Akapima tena.

"Rudia," alisema mwalimu.

Akapima mara ya tatu.